Hukumu Niliyoiandika kwa Peni Nyekundu

Ikungi, Jumamosi alasiri

Mwanangu Mariamu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali. Hali yako naiona kutoka hapa nilipokaa. Umesimama uani, mkono kiunoni, unabishana na mama yako kuhusu jogoo. Yeye anasema kesho alfajiri lazima upande naye basi, akiwa ndani ya boksi lenye matundu, kwa sababu mtu wa Singida hafiki Mbeya mikono mitupu halafu akajiita mtu wa Singida. Wewe unasema chuoni hakuna banda. Mimi nipo upande wa jogoo, maana hakuna aliyemuuliza.

Nimefunga duka mapema. Mteja wa suruali ya kaki nimemwambia mkanda wa cherehani umekatika. Haujakatika. Nilitaka meza yangu ya kukatia iwe tupu nipate pa kuandikia, na nilitaka kuandika kungali na mwanga, kabla wajomba zako hawajafika kukuaga na kuanza kutoa mawaidha. Ya sweta, ya chandarua, ya kutokula chipsi kila siku, yote nimemwachia mama yako. Ameyasema tangu Jumatatu na bado anayo. Mimi nina jambo moja tu, na limenijaa hadi kooni. Tangu mwezi uliopita natembea kama mtoto anayesubiri Idi. Umeniuliza mara mbili, "Baba, mbona unacheka peke yako?" Sasa nakujibu.

Utanisamehe nikieleza na yale unayoyajua. Nakufahamu wewe: barua hii utamsomea huyo utakayepangiwa naye chumba kabla hamjamaliza kutandika vitanda, na si vizuri mwenzako aachwe njiani.

Basi mwambie hivi. Mchezo wetu uliletwa na shangazi yako Zaina, likizo moja alipotoka kufundisha Dodoma. Alikuja na kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada na jiwe moja la plastiki lenye pande ishirini, kila upande na namba yake. Akatukalisha mezani akatueleza: kila mmoja anajitungia mtu wa hadithini, anampa jina na kazi. Kuna kazi ya mpiganaji, ya mganga, ya mwizi, ya mwindaji, ya mhunzi, ya manju wa nyimbo. Mmoja wenu ndiye mwamuzi. Yeye anawasimulia mlipofika na kilicho mbele yenu, nanyi mnasema mnafanya nini. Jambo likiwa gumu, unarusha jiwe. Namba kubwa, umefaulu. Namba ndogo, imekula kwako.

Jiwe lenyewe lilidumu siku nne. Siku ya tano ulikwenda nalo chooni, sijui ulitaka kulifanyia nini huko, na ukarudi bila jiwe ukiwa umekunja uso kama mtu aliyeonewa. Shangazi yako alitaka kulia. Mimi nikachukua kibuyu cha maziwa cha Bibi yako, kile chenye ufa mdomoni, nikaokota vizibo ishirini vya soda, nikaviandika namba kwa rangi ya kucha ya mama yako bila ruhusa yake. Unatikisa, unaingiza mkono, unatoa kimoja, na kabla hujakitazama mwenyewe unawaonyesha wenzako. Tangu siku hiyo ukawa mchezo wa kibuyu, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana meza yangu haikuwa tena ya kukatia suruali za watu.

Kitabu kilikuwa na theluji na milima ya barafu. Sisi theluji tungeitoa wapi? Tukaweka vichaka vya Itigi, ambavyo mtu akiingia bila mwenyeji hatoki. Boma la Mjerumani la Kilimatinde tukalijaza majini. Kule Mitundu tukamweka mwanamke muuza asali anayejua siri za kila mtu na hasemi mpaka umwonjeshe kitu ambacho hajawahi kula. Yohana, kijana wa jirani yetu ng'ambo ya barabara, alimpelekea maandazi ya mama yake akidhani yatatosha. Nilicheka hadi nikaomba maji.

Lakini utamu wenyewe, mama, ulikuwa kwenye kazi mbili. Kitabu kilisema mtu wako akifika ngazi ya tatu anaweza kuchukua kazi ya pili juu ya ile ya kwanza, mwamuzi akikubali. Mwamuzi akikubali! Mimi fundi wa Ikungi, ambaye hata kwenye kikao cha ukoo naambiwa nisubiri wakubwa waseme, leo watu wanakuja mbele yangu na kesi.

Yohana alikuwa wa kwanza. Mpiganaji wake alitaka kuwa pia manju.

"Anapigana huku anaimba?" nikamuuliza.

"Ndiyo, baba Mariamu. Adui akianza kucheza, mimi namkata."

Nikamkubalia. Kisha akaja mama yako, ambaye alikuwa mhunzi tangu siku ya kwanza na alikuwa ametufulia mikuki yote. Naye akataka mhunzi wake awe mkunga. Nikamwambia mambo hayo hayapatani, huku nyundo, huku mtoto mchanga. Akanitazama kama ninavyotazamwa nikisahau kuleta chumvi. "Mtu anayejua chuma kimeiva lini kwa kukitazama rangi tu," akasema, "atashindwaje kumtazama mama akajua saa imefika?" Nilikaa na kesi hiyo Jumamosi mbili. Mwishowe nilikubali, kwa sharti anawe mikono.

Nilikuwa na utaratibu wangu, na niliupata kwenye ushonaji. Kitambaa cha mtu hukikati siku anayokileta. Unapima, unachora kwa chaki, unamwita aje ajaribu. Chaki ukiipiga kwa kiganja inafutika, mkasi ndio haufutiki. Kwa hiyo kila hukumu niliiandika kwanza kwa chaki pembeni mwa meza hii, tukaicheza Jumamosi mbili tatu, na ilipokaa vizuri mwilini ndipo nikaiandika daftarini kwa peni nyekundu. Sheria ya meza ilikuwa kwamba ya peni nyekundu haigeuzwi. Kanuni kumi na tatu zilipitia kwenye chaki, na ya kumi na nne haikupitia.

Unaikumbuka Jumamosi ile, najua unaikumbuka. Ulikuwa darasa la sita. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi na vizibo vilikuwa na unyevu. Mganga wako, yule uliyemwita Kimya, alikuwa ametibu kijiji kizima cha watu walioumwa na majini, na akapanda ngazi ya tatu. Ulikuwa umevaa gauni la shule ijapokuwa haikuwa siku ya shule. Ulisimama. Hakuna aliyewahi kusimama kuomba kazi ya pili; wote waliomba wamekaa, mdomo ukiwa na karanga.

"Baba, Kimya anataka kazi ya pili."

"Haya, mama. Kazi gani?"

"Mwizi."

Yohana akacheka. Mimi sikucheka.

"Mganga na mwizi?"

"Ndiyo, baba. Mganga mwizi. Yaani anakuwa ana..."

"Haiwezekani."

"Sijamaliza, baba. Anaiba..."

"Nimesema haiwezekani. Mganga haibi. Anayeiba huyo si mganga."

Nikavuta daftari nikaandika palepale, kwa peni nyekundu, herufi kubwa: KANUNI YA 14. MGANGA HAWEZI KUWA MWIZI. Nikapiga mstari chini mara mbili, karatasi ikatoboka. Wewe hukunitazama mimi, ulitazama peni. Ukasema, "Sawa, baba," ukakirudisha kibuyuni kizibo ulichokuwa umekishika, ukaingia ndani kwa Bibi.

Sasa nitakuambia jambo ambalo sijawahi kukuambia, na usiponisamehe leo utanisamehe pole pole, haraka sina.

Bibi yako alikuwa chumba cha ndani, mwezi wa pili huo, homa inapanda inashuka. Tulikuwa tumempeleka hospitali akarudishwa na dawa, na wauguzi walituambia tuwe na subira. Subira mimi sikuzaliwa nayo. Alhamisi ya wiki ile ile, mama yako akiwa gulioni na wewe shuleni, nilimleta mganga. Nilimtoa mbali ili asijulikane. Alimtazama Bibi yako kwa muda mfupi tu, akanywa chai, akasema dawa yake inahitaji mbuzi wawili, na akaondoka na wale mabeberu wetu wawili weusi, akaniahidi kurudi na dawa keshokutwa. Keshokutwa ilikuwa ndiyo Jumamosi hiyo. Nilikuwa nachungulia barabara tangu alfajiri. Hajarudi mpaka leo ninapoandika.

Mama yako nilimwambia mbuzi wameibwa. Majirani walikuja kunipa pole, na pole zao nikazipokea. Halafu mwanangu wa miaka kumi na miwili anasimama mbele ya watu anasema, "Mganga mwizi."

Nilidhani umejua. Nilidhani ulirudi mapema shuleni ukaniona, na sasa unaniumbua kwa mafumbo. Nilikutazama usoni nikaona dhihaka ambayo haikuwepo kabisa. Ile kanuni haikuwa ya mchezo, mama. Nilikuwa nimeziba mdomo wa mtu ambaye hakuwa na habari yoyote juu ya mbuzi.

Mama yako nilimwambia ukweli mwezi uliopita. Akasema alijua tangu Alhamisi ile ile, maana aliporudi gulioni alikuta vikombe viwili vya chai mezani, na mwizi wa mbuzi hakaribishwi chai. Miaka sita ameninyamazia. Niliona aibu hadi nikaenda kufagia uani, saa saba mchana, jua la utosi.

Bibi alituacha kabla alizeti hazijavunwa. Ulikuwa wajina wake, ulikuwa ukimlisha uji kwa kijiko kile cha bati, na msibani watu walikupa pole wewe kabla yangu. Mchezo ulisimama. Tulipourudia baada ya mavuno ulikaa kiti kile kile lakini Kimya hukumtaka tena. Ulitaka mpiganaji. Nikakuuliza jina lake nani.

"Fulani," ukasema.

Nikaandika Fulani. Nilidhani ni utani! Fulani akapigana miaka mitano, akashinda vita vingi, hakuwahi kuomba kazi ya pili. Na wewe hukuwahi kuniomba kitu kingine tena. Ulikuwa na adabu, shikamoo kila asubuhi, alama nzuri, na ungeniuliza nini anataka mwanangu nisingeweza kujibu.

Nilianza kushtuka siku ya fomu. Kidato cha nne, fomu za kuchagua tahasusi na vyuo. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima. Nilimwendea hata mwalimu mmoja aniandikie zile herufi tatu tatu nizielewe, maana kila tahasusi ina masomo yake, na mimi nilikwishaona moyoni mwangu yale ya biashara, ili siku moja duka liwe lako na kibao kiandikwe jina lako. Ukaja na karatasi. Nikavaa miwani.

"Nimeshajaza, baba. Ni sahihi yako tu."

Mstari wa kwanza uliandika uuguzi. Ulikuwa umechagua vizuri, sina neno na hilo. Kilichonichoma ni kwamba hukuona sababu ya kusimama mbele yangu uombe, kwa kuwa ulikwishajua mimi huwajibu watu kabla hawajafika mwisho wa sentensi. Nilitia sahihi. Peni ilikuwa nyekundu, ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni, na sijui kama uliona.

Kuanzia hapo nilibadilika mezani, na labda uliona bila kujua sababu. Yohana alipoleta ile kesi yake ya mwindaji anayetaka kuwa mfugaji, zamani ningemfukuza. Safari hii nilimwambia, "Haya, nionyeshe anavyofanya. Amekutana na swala. Anamchinja au anamfuga?" Yohana akakuna kichwa. Akasema, "Namwuliza ana watoto." Akiwa na watoto, anamfuga, akiwa hana, kitoweo. Nikacheka, lakini tulipoicheza ikawa ndiyo kazi ngumu kuliko zote mezani, kwa sababu kila mara anapokuwa na njaa lazima kwanza afuatilie mnyama kimya kimya mpaka ajue. Mara mbili alilala njaa Itigi. Mara moja swala aliyemwacha ndiye aliyemwonyesha maji. Hadithi yote hiyo ingekufa kwa neno moja langu, na nilipoiona ikikua nilisisimka hadi nikasahau kupika chai.

Sasa nafika penyewe.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta karatasi ya kukatia kipimo cha kola. Mifuko ya saruji ninayoikatia vipimo siku zote ilikuwa imeisha. Nikaingia kwenye lile boksi la madaftari yako ya zamani chini ya kitanda cha Bibi, ambalo mchwa walikwishaanza kulishughulikia, nikachomoa daftari la Maarifa ya Jamii la darasa la sita. Nikalifungua katikati nianze kukata. Mkasi nilikuwa nao mkononi, mama. Tayari ulikuwa umekwishafungua midomo yake.

Juu ya ukurasa uliandika, kwa ule mwandiko wako wa mviringo: KIMYA, MGANGA MWIZI. Chini yake:

"Huyu haibi vitu. Anaiba magonjwa. Ugonjwa una mwenyewe, ni zimwi, na zimwi halikubali kuombwa, ndiyo maana dawa inashindwa. Lazima liibiwe. Kimya anaingia kwa mlango wa uani mgonjwa akiwa amelala. Anatembea bila viatu. Anaichukua homa taratibu kutoka kwenye mto, anaifunga kwenye kanga, na mgonjwa akiamka anakuwa ameibiwa na anafurahi. Kazi ya kwanza: chumba cha Bibi."

Nilikaa chini. Nilikaa sakafuni kabisa, mkasi mapajani.

Kazi ya kwanza, chumba cha Bibi. Ulivaa gauni la shule na kusimama kwa sababu hukuwa unacheza. Ulikuwa umetafuta, kwa akili yako yote ya miaka kumi na miwili, njia ya kumwokoa mama yangu, na ulikuwa unaomba ruhusa. Na mimi ambaye wiki ile ile nilikuwa nimetafuta njia ya kumwokoa mama yangu, kwa kificho, na mbuzi wawili, nilikunyima. Tulikuwa tunafanya kitu kimoja katika nyumba moja. Mganga mwizi wa kweli nilimpa chai, wa kwako nikampigia mstari mara mbili. Nililia, nisikufiche. Mama yako alikuja, akasoma, akakaa sakafuni na yeye.

Na baada ya kulia, sijui nikuelezeje, nikaanza kufurahi. Nilifurahi kama mwehu! Kwa sababu nilikumbuka ile fomu. Ile kazi ya pili niliikataa miaka sita iliyopita, na wewe ukaenda kimya kimya, bila viatu, kwa mlango wa uani, ukaijaza mwenyewe kwenye fomu. Kesho unapanda basi kwenda kusomea kazi ya pili ya Kimya. Hukuniomba ruhusa, na kumbe ndivyo wezi wanavyofanya. Kwa nini nisicheke peke yangu?

Ungeniuliza kwa nini sikukuambia siku ile ile. Nilitaka kwanza kuirekebisha hukumu kwa njia inayostahili. Nimefanya kazi, mama. Hizi Jumamosi nne ulizokuwa unakwenda kwa rafiki zako kuagana, mimi na mama yako tulikuwa hapa na kibuyu, tunamjaribu Kimya. Niliandika kwa chaki. Tulimpeleka kwenye vijiji vyote tulivyovijua. Jaribio la kwanza lilikuwa baya: aliiba kila homa bila jasho, hadithi ikapoa, mama yako akaanza kusinzia. Nikafuta. Nikaweka kwamba akitoa kizibo cha chini ya kumi, zimwi linaamka na kumfuata. Hiyo ilikuwa bora, mama yako alipiga meza. Halafu mama yako akauliza, "Na hiyo homa aliyoifunga kwenye kanga, haina uzito?" Tukaweka uzito. Anaweza kubeba homa tatu. Ya nne inamwangusha, lazima kwanza atue. Ndipo mchezo ukawa mtamu ajabu, kwa sababu kila mara anasimama mlangoni kwa mgonjwa wa nne akiwa amelemewa, na anajua.

Ya peni nyekundu haigeuzwi, sheria ni sheria, na mimi ndiye niliyeiweka. Kwa hiyo sikuifuta Kanuni ya 14. Ipo, na ule mstari uliotoboa karatasi upo. Nimeshona kitambaa chini yake, kipande cha lile gauni lako la shule ambalo mama yako alikuwa amelihifadhi, na juu ya kitambaa nimeandika kwa peni ile ile: Mwamuzi alikata kabla ya kupima. Mganga mwizi anakubalika. Nikatia sahihi, na mama yako akatia ya shahidi.

Daftari na kibuyu vimo kwenye sanduku lako, chini ya sweta. Usiogope, vizibo nimevifunga kwa kitambaa visilie njiani. Namba saba siyo ile ya zamani, ya zamani iliota kutu. Utapata watu wa kucheza nao huko, huwezi kukosa. Popote penye wanafunzi na Jumamosi, penye meza, wapo. Wewe ndiye utakuwa mwamuzi. Watakuja na mambo ya ajabu. Atakuja mmoja atataka mpiganaji anayeogopa damu, mwingine atataka mchungaji wa ng'ombe ambaye ni mfalme. Utajisikia kuwacheka. Wacheke, lakini acha wamalize kwanza.

Na wodini pia, mama, ingawa huko mimi si mtu wa kukufundisha. Iko siku atakuja mzee, aina ya Bibi yako, atakuambia anameza vidonge vyako asubuhi na mizizi ya jirani yake jioni. Utajua kwamba si sawa, na utakuwa unajua kweli, maana umesoma. Mwulize mizizi yenyewe ni ipi, na alipewa na nani, na kwa nini. Pengine nyuma ya ile mizizi kuna mtu wa familia aliyekuwa akiogopa, aliyekuwa akichungulia barabara tangu alfajiri. Mimi nisingekataa muuguzi mmoja aniulize siku zile. Ningemwambia yote, hata habari za mbuzi.

Naona mmefikia mwafaka na mama yako. Jogoo anafungwa miguu. Umeshindwa, pole, nilijua tu. Mjomba wako mkubwa anaonekana anakuja barabarani na kofia yake ya mawaidha, kwa hiyo nafunga.

Limebaki jambo moja, na nimeliweka mwisho kwa makusudi. Ule ukurasa wa daftari lako haukuisha. Uliandika zaidi, lakini mchwa walikula kona yote ya chini. Maneno ya mwisho yanayosomeka ni haya: "Akishaiba, Kimya anaibeba ile homa mpaka..." Basi. Hapo pana tundu. Mimi na mama yako tumebishana mwezi mzima. Yeye anasema anaizika. Mimi nilisema anaitupa ziwani, kisha nikaona huruma kwa ndege wa ziwani. Ningeweza kuamua. Mwamuzi ni mimi mpaka kesho alfajiri, na peni ninayo.

Lakini nimekuwazia wodini, unatoka zamu, umebeba tatu na ya nne iko mlangoni. Kanuni hii siwezi kuiandika bila wewe. Nitakuwa stendi kesho kabla ya basi, sitasema neno, nitasikiliza mpaka ufike mwisho. Niambie, mama. Akishaiiba, anaipeleka wapi?

Baba yako,
fundi